Safu ya Simu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatano, ripoti ya miezi mitatu ilifunguka kwenye kompyuta, na mwisho wa safu ya simu palikuwa na namba ambayo Radhiya aliisoma mara tatu: kumi na moja.

Nyumba ya mama yao, mtaa wa Langoni, Lamu, ilikuwa na vyumba vitano vya wageni na tovuti moja ya kuwaita. Wageni walikuwa wakipungua kwa mwaka wa pili sasa. Radhiya, anayefundisha takwimu chuoni Mombasa, alikuwa ameshampata mwenye kosa: mdogo wake Amjad, msimamizi wa nyumba. Alilisema hilo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, mbele ya watu ishirini na sita, kwamba Amjad ni mvivu na hana ulimi wa kupokea watu. Baada ya adhuhuri angefika wakala wa nyumba, Bwana Faiz, na mama yao, Bi Alawiya, angetia saini kumwachia nyumba kwa miaka kumi. Amjad angetafuta kazi kwingine. Ripoti ilihitajika kufunga hoja tu.

Ripoti haikufunga hoja. Kwenye kompyuta, nyumba yao ilijitokeza mbele ya watafutaji mara 2,140, na watu 188 waliifungua. Kwenye vishikwambi ilijitokeza mara 310, wakafungua 26. Kwenye simu ilijitokeza mara 14,906. Waliofungua walikuwa kumi na mmoja.

Akatazama nafasi ya nyumba katika orodha ya matokeo. Kote ilikuwa ya nne. Kwa hiyo watu wa simu waliiona kama wenzao, wakaipita.

Amjad akaingia na birika. “Umemaliza kuyahesabu makosa yangu, Profesa, ama nikuongeze chai?”

“Nipe simu yako.”

“Ya nini? Matusi niliyowatukana wageni sikuyaandika.”

“Amjad, nipe.”

Aliandika maneno ambayo mgeni angeandika, nyumba ya kulala Lamu mji wa kale, na matokeo yakashuka. Ya nne ilikuwa yao. Chini ya jina, mahali ambapo kompyuta ilieleza vyumba na baraza ya juu, simu ilisema: Nyumba haipokei wageni kwa sasa. Akagusa. Likatokea lango la mbao lililofungwa, na sentensi ile ile. Hakuna picha nyingine, hakuna namba ya kupiga.

Amjad alichungulia begani kwake. Birika likabaki hewani.

“Hii nini? Mimi nawajibu wageni kwenye kompyuta ya ofisini kila siku. Vyumba vyote viko wazi!”

“Kwenye kompyuta.”

“Nani atatafuta nyumba yake mwenyewe kwenye simu?” Sauti ilimpanda. “Nani kafunga?”

Radhiya tayari alikuwa ndani ya mipangilio ya tovuti. Ukurasa wa simu ulikuwa na mstari mmoja wa kumbukumbu: tarehe ya miaka miwili iliyopita, saa, na jina la aliyeuwasha. Alilisoma. Lilikuwa lake.

Ilikuwa Jumatatu ya fungate yake. Kwa siku saba bibi harusi alikaa ndani, chumba cha mwisho kabisa cha nyumba, na picha ya chumba hicho ilikuwa kwenye tovuti, kitanda na mapazia. Vijana wa mitaani wangeitazama kwenye simu zao huku yeye yumo. Wageni wetu ni Wazungu, nao wanatumia kompyuta, alijiambia. Akawafungia wa simu kwa siku saba. Fungate ikaisha, akaenda Mombasa na mumewe, na ukurasa wa lango ukabaki.

“Ni mimi,” alisema.

Amjad aliliweka birika sakafuni, polepole mno. “Watu elfu kumi na nne.”

“Kwa miezi mitatu. Zidisha mara nane.”

“Zidisha wewe, msomi.” Hakucheka. “Mbele ya ami zangu uliniita mvivu.”

Bi Alawiya alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani. “Subhanallah. Radhiya, yeo hii, baada ya adhuhuri, ningetia saini kwa neno lako.”

“Ndiyo, mama.”

“Basi pita ndia ile ile uliyopita kumvunja mdogo wako.”

Saa tatu na dakika hamsini na mbili Radhiya alirekodi ujumbe wa sauti kwa kundi la ukoo. Alitaja tarehe, namba tatu za ripoti na jina lake kamili. Alisema Amjad hakufukuza mgeni yeyote, na kwamba yeye alinena bila kupima. Sauti ilimkatika mara moja, hakurudia kurekodi. Kisha akauzima ukurasa wa lango.

Saa saba na robo Bwana Faiz alifika na mkoba wa karatasi. Bi Alawiya alimkaribisha sharubati ya ukwaju.

“Kalamu ninayo, Bi Alawiya,” alisema Faiz.

“Irudishe mfukoni, bwana. Nyumba ina msimamizi.”

Faiz alimtazama Radhiya, aliyempigia simu wiki iliyotangulia kumwita. Radhiya alimwomba radhi kwa safari yake ya bure.

Amjad hakumwangalia dadake. Alisema tangi la juu limekauka, akapanda ngazi, na saa saba na dakika arobaini pampu ya maji ikaanza kunguruma.