Sufuria ya Mwongeli

Kanyiva aliinjika sufuria mekoni akijua mtungi una maji. Kumbe mkavu! Akachukua ndoo, akakimbilia tangi la jirani, na kwa jirani huko maneno hayaishi, Migwani tunajuana. Aliporudi, moto ulikuwa umekolea na sufuria tupu imegeuka buluu na manjano, kama mafuta ya taa juu ya maji.

"Aiya! Ngai wakwa, nimefanya nini?"

Sufuria haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu Mwongeli, mke wa mwanawe Kisilu, aliyezikwa Aprili. Ya stenlesi, nzito, ya kupikia sherehe. Ubavuni Mwongeli alikuwa ameandika jina lake kwa msumari, kina mama wa kanisa wasije wakambadilishia. Kisilu aligawa nguo zote za marehemu mkewe. Hii sufuria pekee ndiyo aliyoitaka, na leo alikuwa njiani kutoka Kambu kuja kuichukua. Sasa mama mtu akaona ampikie isyo ndani yake, mahindi na maharagwe, eti kumfariji. Nani alimtuma?

Buluu ilikuwa imepanda mpaka kwenye jina. Akasugua kwa sabuni, wapi. Kwa majivu, wapi! Mfa maji haachi kutapatapa: akachota mchanga wa mtoni, ule ule aliong'arishia sufuria zake tangu aolewe. Alijiambia kwenye jina atapitisha mkono polepole. Akapitisha polepole. Buluu haikutikisika. Basi akakaza.

Jirani yake Kasiva, mpishi wa hoteli ya sokoni, alimkuta ameketi chini akilia.

"Mama Kisilu, mbona mchanga? Hiyo ni rangi ya moto tu, haina ubaya. Siki kidogo na kitambaa laini, inatoka."

"Sasa ndio unaniambia!" Kanyiva alifoka. "Sasa!"

Kasiva akamshika mkono, akamwinua.

Kisilu alifika jua likiwa bado kali. Hata chai hakutaka. Aliipokea sufuria, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akapapasa ubavu wake kwa kidole. Palikuwa na mikwaruzo ya mchanga tu, huku na huku, hata herufi moja haikusomeka.

"Ni mimi, mwanangu," Kanyiva alisema. "Niliiunguza, nikaogopa utaiona hivyo. Nikasugua. Nilijua jina liko pale na bado nikasugua." Akamnyooshea msumari aliokuwa ameung'oa mlangoni. "Andika tena. Pale pale. Wewe umesoma, andika."

Kisilu aliupokea msumari, akauangalia, akauweka chini.

"Jina naweza kuandika, mwaitu," alisema. "Lakini mwandiko wake nitautoa wapi?"