Mayai Chini ya Cherehani

Kwa miezi saba fundi cherehani alitunza mayai kumi na mawili ya kinyonga katika kopo la mchanga wenye unyevu, chini ya cherehani yake. Siku hiyo kaka yake, mfugaji wa kuku, alichungulia ndani akakunja uso.

“Dada, yanatoka maji! Yameoza. Hata hukuyageuza.”

“Hugeuzwa ya kuku. Haya ukiyageuza, unaua.”

“Nayatupa leo.”

“Nitupe mimi kwanza!” Fundi akalikumbatia kopo. “Hilo ni jasho la kuanguliwa. Vinyonga wanataka kutoka.”

Kaka akaguna, lakini akaketi naye. Adhuhuri yai moja likachanika, kichwa kidogo kikatokeza. Bila kuambiwa, kaka akazima feni ya chumbani, upepo usikipige.

“Bado kumi na moja,” fundi akasema, “na hayatupwi hata moja.”