Bahari Iliyofungwa Blanketi

Sanduku la kwanza lilipofunguliwa, mchoraji alidhani watu wa jumba la sanaa wamekosea. Ndani mlikuwa na picha ndefu, nyembamba, yenye rangi ya maji yaliyooshewa vyombo.

"Hii si yangu," alisema.

Mkuu wa maonyesho, mwanamke mpole aliyemwita Mama katika kila sentensi, aliigeuza picha bila kubishana. Nyuma kulikuwa na sahihi yake mwenyewe, pamoja na ile mikia ya mbwembwe aliyokuwa akiitia enzi za kujiona yeye ndiye yeye.

"Imetoka hospitali, Mama. Ya benki iko vivyo hivyo. Za hoteli nazo pia. Tulitaka uone mwenyewe kabla hatujasema neno."

Wakamzungusha chumba kizima. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa imeegemezwa ukutani, imepauka kama shati la kuvaa kila siku. Bahari ya asubuhi, bahari ya dhoruba, bahari ya mwaka ule alioolewa, zote zilikuwa ukungu mmoja. Alikaa juu ya sanduku tupu akashika tama.

Buluu yake ndiyo iliyompa jina. Wachoraji wenzake walimchimba miaka na miaka wajue anaipata wapi, naye akaufyata. Ukweli ulikuwa mwepesi hata wa kuchekesha: marehemu mumewe alikuwa mchapaji, na kila walipomaliza kuchapa kalenda alirudi nyumbani na mabaki ya wino kwenye makopo. Siku moja yeye akauchanganya na mafuta, na siku hiyo hiyo ikatoka bahari iliyomfanya hata mwenye nyumba, mtu asiye na muda na mtu, asimame mlangoni akasahau alichofuata.

Basi akajiwekea sharti. Yeyote aliyechukua bahari yake lazima aitundike ikabiliane na dirisha. "Bahari haikai kizani," alizoea kusema, na si kusema tu. Alikuwa akienda kukagua, nyundo na misumari ndani ya mkoba. Kule hospitali aliikuta imewekwa kwenye ukumbi wa ndani, akaja juu mpaka daktari mkuu mwenyewe akashika ngazi, picha ikahamishiwa pale jua linapopiga tangu asubuhi. Siku ile alirudi nyumbani akipiga mluzi.

"Ni wino wa kalenda, Mama," alieleza mtaalamu wa kutunza picha wa jumba la sanaa, akikwepa kumtazama usoni. "Kalenda haitengenezwi idumu. Jua linaula wino huo kidogo kidogo."

"Ukishaliwa, unarudi?"

"Haurudi."

Laiti angepata mtu wa kumgombeza! Lakini aliyezitundika juani ni yeye, kwa nyundo yake, tena kwa ukali. Alijichukia mpaka akakosa usingizi.

Hakukubali hivi hivi. Alikwenda kiwandani alikokuwa akichapa mumewe, akakuta panauzwa matairi. Mashine zilikwishauzwa chuma chakavu, na wino wa aina ile hautengenezwi tena popote. Alijaribu buluu za dukani juu ya bahari moja iliyopauka. Ilikaa pale kama kiraka kwenye suruali. Aliifuta kwa kitambaa, na katika kufuta akaondoa hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki.

"Hakuna hata moja ambayo haikupigwa na jua?" mkuu wa maonyesho alimuuliza. "Moja tu, Mama. Tutaijengea chumba cha giza, tuweke taa hafifu. Watu wajue kwamba hukuwa ukichora ukungu."

Hakuna alichokitaka duniani zaidi ya hicho. Jicho moja la mgeni liione buluu ile kabla yeye hajafa, basi. Hapo ndipo alipomkumbuka dada yake.

Walikua pamoja, yeye na dada, katika chumba cha kupanga nyuma ya bandari. Dirisha lao lilitazama maghala mawili, na katikati ya maghala palionekana ufito wa bahari, upana wake kama mlango. Wasomi wameandika maneno mazito kuhusu kwa nini bahari zake zote ni ndefu na nyembamba. Hakuna cha ajabu. Hiyo ndiyo bahari aliyoijua. Chumba kile kilipobomolewa, alimchorea dada ufito ule kama ulivyokuwa, akampelekea. Baadaye akaenda kukagua na nyundo yake, asiione ukutani.

"Iko wapi?"

"Nimeiweka."

"Umeiweka wapi?"

"Mahali pazuri. Kwani una wasiwasi gani?"

Dada alikuwa mtu wa kuweka. Makochi yake hayakuwahi kuvuliwa nailoni, na glasi zake nzuri zilimngoja kabatini mgeni ambaye bado hajazaliwa. Mchoraji alilijua hilo vizuri, lakini bado alinuna. Alijiambia dada anaidharau kazi yake, na kinyongo kikakaa. Tangu hapo walikutana kwenye misiba na harusi tu, wakiulizana habari za watoto.

Sasa alimkuta dada kitandani, upande mmoja wa mwili umelegea. Kiharusi kilikuwa kimechukua hata sauti yake. Binti wa dada, fundi cherehani, alikuwa amehamishia cherehani chumbani humo ili ashone huku akimwangalia mama yake.

"Picha? Ipo, mama mdogo. Iko chini ya kitanda. Mama alikuwa hataki hata tufagie huko kwa fujo."

Waliivuta. Wakafungua mpira ulioifunga, wakafunua blanketi, kisha shuka kuukuu, kisha nailoni. Na buluu ikatoka. Ilikuwa mbichi kama imepakwa jana. Mchoraji alilia kwa sauti, bila haya, kwa furaha na kwa aibu ya miaka yote aliyonuna bure.

Dada aligeuza shingo. Alitazama muda mrefu, kisha akauinua mkono ule mzima, akaonyesha ukuta unaokabili dirisha.

"Hapo," alisema.

Mkasi ulimponyoka binti. "Mama mdogo, umesikia? Amesema! Tangu augue hajasema!" Tayari alikuwa anapekua droo akitafuta msumari. Mchoraji alifungua kinywa aseme jua litaila, akakifunga. Ataiacha siku mbili tatu, alijiambia, kisha gari la jumba la sanaa lije.

Gari lilipokuja, alifunga pazia kwanza ili aishushe. Uso wa dada ulikunjamana, akaanza kulia kwa kwikwi kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Chumba chetu," alisema katikati ya kilio. "Chumba chetu."

"Dada, nisikilize. Jua linaiharibu. Niipeleke, nitakuletea nyingine."

Ile nyingine ataitoa wapi? Dada hakusikia maelezo. Alilia tu, na binti akasimama mlangoni mikono kichwani. "Mama mdogo, ukiichukua, mimi sijui nitambembelezaje."

Mchoraji alitoka nje akamwambia dereva arudi mikono mitupu. Hakuwa na nguvu ya kufanya lingine.

Maonyesho yalifunguliwa bila buluu. Wageni walizunguka kati ya zile bahari zilizokufa, na mtu mmoja mwenye tai akahutubia, akisema hatimaye msanii amefikia utulivu, kwamba ukungu huu ndio hekima ya uzee. Watu wakapiga makofi. Mchoraji alisimama pale na glasi ya juisi mkononi, akitabasamu kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake.

Siku hizi huenda kwa dada karibu kila asubuhi. Dada anasema maneno mengi zaidi sasa. Anasimulia maghala, anamtania mdogo wake jinsi alivyokuwa akikalia dirisha peke yake kama mfalme. Jua huingia, likapanda ukutani, likakaa juu ya picha, na mchoraji hulitazama kama mtu anayemtazama mwizi anayemjua kwa jina.

Asubuhi moja dada alikaza macho ukutani.

"Maji yanakupwa," alisema.

Mchoraji alitazama. Kweli, chini, upande wa dirishani, weupe ulikuwa umeanza kupanda.

"Ndiyo, dada. Yanakupwa."

"Yatajaa lini?"

Binti aliacha kukanyaga cherehani. Mchoraji aliurekebisha mto wa dada, akamfuta mdomo kwa kitambaa.

"Yakifika mwisho yatajaa."

"Mbona sioni vizuri? Pazia limeziba."

Mchoraji aliinuka, akalivuta pazia lote mpaka ukutani.