Mshono Nilioufumua

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayekaa miguuni pako ukifanya kazi, na kila kitu anataka kukichokonoa, nisikilize kabla hujamwambia, "Hebu lete nikufanyie." Mimi hata kumwambia sikumwambia. Nilifanya kimyakimya nikidhani ni mapenzi, na miaka mitano nikaitafuta mikono ya mwanangu nisiione.

Wakati ule cherehani yangu ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha linalotazama njia. Ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na ilikuwa na mlio wake. Ningeweza kuitambua kati ya cherehani ishirini. Nyuma yangu palikuwa na meza ya kukatia nguo, na chini ya meza hiyo ndiko alikohamia binti yangu kabla hata hajajua kutamka maneno yakanyooka. Huko alikuwa na kikapu cha vipande vya vitambaa, kopo la vifungo, chaki zilizobaki ncha, rili tupu za uzi, na sumaku yangu ya kuokotea pini. Wateja walimwita Pini, maana kila akichomoza kichwa chini ya meza alikuwa ameshika moja. "Mama, nimeiokoa hii!"

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Cherehani ikinyamaza na mtoto naye akanyamaza, nilijua tayari amemeza kifungo. Nilikuwa nainama kila dakika kuchungulia.

"Unafanya nini huko?"

"Nauliza sumaku."

"Unaiuliza nini?"

"Inataka nini. Pini inaitaka. Mkasi inautaka. Kifungo haikitaki. Mbona haikitaki, mama?"

"Labda kimeitukana."

Basi akacheka, kisha akatulia, akaanza kuipitisha sumaku kwenye kila kitu chumbani: mguu wa kiti, zipu ya sketi ya mteja, jino langu. Siku moja akanipa habari kwamba kuna vifungo viwili kwenye kopo ambavyo sumaku inavitaka. Nilikuwa nimelitumia kopo lile miaka tisa bila kujua kwamba ndani yake kuna vifungo vya chuma vilivyopakwa rangi.

Nikikumbuka siku zile nasikia harufu ya pasi ya mkaa na kitambaa kipya, na sauti yake kule chini akijisemea peke yake, akizibembeleza rili zisiporomoke. Sakafu ya saruji ilikuwa imejaa michoro yake ya chaki. Nilikuwa nalalamika kuifuta. Leo ningelipia mtu anichoree.

Alipofika miaka sita, akaamua kumshonea baba yake mfuko wa penseli. Baba yake ni seremala, na penseli zake alizoea kuzichomeka sikioni, hivyo zilipotea kila siku. Pini akachagua vipande mwenyewe: kimoja cha kaki kilichobaki kwenye kaptura za shule, kingine cha maua kutoka pazia la shangazi yake. Aliomba sindano ya mkono. Nikampa, roho juu. Alishona siku nne chini ya meza, ulimi nje. Mara mbili aliushona mfuko ukashikana na gauni lake mwenyewe, akakata, akaanza upya. Hakulia. Hilo ndilo ningepaswa kuliona, kwamba alianza upya na hakulia.

Siku ya tano asubuhi, alipokwenda shule, niliuchukua ule mfuko nikautazama. Mishono ilikuwa mmoja mrefu, mmoja mfupi, mwingine umepanda juu kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Upande mmoja umevutwa, upande mwingine umevimba. Kifungo kilikuwa kikubwa kuliko tundu lake. Nikawaza: mume wangu ataupeleka huu kazini, mafundi wenzake watasema, mke wake si ni fundi cherehani? Nikawaza pia: mtoto atachekwa. Sijui ni wazo lipi lilitangulia. Nataka kuamini ni la pili.

Nilichukua wembe nikafumua uzi wote. Kazi ya siku nne niliimaliza kwa dakika ambazo hata chai haikupoa. Nikanyoosha vipande kwa pasi, nikavipitisha kwenye cherehani, mshono ukaenda kama rula. Nikapanua tundu la kifungo. Nikaurudisha pale pale nilipoutoa, na nikajisikia mama mwema.

Jioni baba yake aliporudi, Pini akaukimbilia mfuko bila kuutazama, akampa kwa mikono miwili.

"Ala! Umeshona wewe huu?" baba yake akauinua kwenye mwanga. "Mwanangu, mbona umemshinda mama yako? Tazama mshono ulivyonyooka!"

Pini akatabasamu. Kisha naye akautazama. Akauomba, akaugeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye ukingo taratibu, kama anayetafuta mwiba.

"Huu si wangu."

"Ni wako, si umenipa sasa hivi?"

"Wangu ulikuwa na tumbo."

Baba yake akacheka mpaka akakaa. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe. Nikasema, "Mama ameunyoosha kidogo tu, ili upendeze." Pini aliuweka mfuko kwenye kiti, akaenda kunawa mikono.

Sikushtuka siku ile, wala iliyofuata. Nilishtuka wiki ilipokwisha, nikainama kuchungulia chini ya meza, nikaona kikapu kiko vilevile. Alikuwa amekaa kwenye kiti, miguu haifiki chini, anautazama ukuta.

"Pini, njoo nikupe vipande vipya, vya hariri."

"Shona wewe, mama. Mimi nitaharibu."

Neno lile lilikaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyejua kuaga. Kupika uji: nitaharibu. Kufunga kamba za viatu: nifungie wewe. Shuleni mwalimu wake wa kazi za mikono akaniita, akaniambia kwamba watoto wakipewa udongo wafinyange, wangu anakaa mikono mapajani mpaka aone wenzake wamefanya nini, kisha anamwomba jirani amfanyie. "Madaftari yake safi kuliko yote," mwalimu alisema, "lakini swali ambalo jibu lake haliko ubaoni, hasogei." Mtoto aliyekuwa akiihoji sumaku!

Wifi yangu, yule shangazi mwenye pazia la maua, alipokuja nikamsimulia. Yule hana kona, neno hulisema lilivyo.

"Wifi, ulifumua mshono wa mtoto?"

"Ulikuwa umepinda."

"Wewe wa kwako wa kwanza ulinyooka? Si ulimshonea kaka yangu suruali ya kuposea, akashindwa kukaa ukweni? Alisimama saa tatu nzima, wazee wakadhani ni adabu!"

Nilicheka huku nalia. Ilikuwa kweli. Na suruali ile hakuna aliyeifumua. Mume wangu aliivaa mpaka ikamwisha mwilini.

Nilimwomba mtoto radhi. Akanijibu, "Si kitu, mama," kwa sauti ya mtu mzima, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilimletea sindano, rangi, hata mbao ndogondogo alizokata baba yake. Alivipanga vizuri kwenye boksi, akalifunika. Miaka ikaenda hivyo. Nilianza kuogopa kwamba nitamwozesha, atanizalia wajukuu, na bado atakuwa anangoja mtu amfanyie.

Alikuwa na miaka kumi na moja bomba la uani lilipokufa. Koki ilizunguka bila kushika, maji yakawa yanamwagika mchana kutwa. Baba yake alikuwa mji mwingine akipaua nyumba ya watu. Fundi bomba alisema anakuja, na mafundi mnatujua, hata mimi nimo: "nakuja" yetu haina siku. Siku ya pili mchana nilikuwa nakanyaga cherehani, nikasikia chuma kikigonga chuma.

Nikasimama mlangoni. Pini alikuwa amechuchumaa mbele ya bomba na spana ya baba yake, ulimi nje. Nikakumbuka ulimi ule.

Koki kubwa ya barabarani, inayokata maji ya nyumba nzima, hakuwa ameifunga. Niliiona kasoro palepale. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, nikalimeza. Akafungua, na maji yakaruka mpaka kwenye shati nililokuwa nimelipiga pasi nikalitundika kwenye kamba. Yakamlowesha kichwa mpaka miguu. Akapiga kelele, akageuka, akaniona.

"Mama, usinisaidie!"

"Nani anakusaidia? Mimi nimepita tu."

Akaweka kiganja, akaweka magoti, akakaa juu yake, maji yakatokea kila upande. Mwisho akatulia, akawa anafuata bomba kwa macho, kutoka uani, ukutani, hadi nje kwenye njia. "Yanatoka wapi?" akajiuliza. Halafu akakimbilia koki ya barabarani, na maji yakakatika.

Alitumia mchana mzima. Alikuta kimpira cha ndani ya koki, kinachozuia maji, kimelika, akakata kingine kutoka kwenye soli ya ndala. Kikawa kikubwa, akakipunguza. Kikawa kidogo, akakata kingine. Ndala yenyewe ilikuwa nzima, ya kwangu, mguu wa kulia. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kusimama pale mlangoni.

Alipofungua koki kubwa, bomba halikumwaga tena. Lilidondosha. Tone, kisha tone. Akalitazama, amekunja uso.

"Bado," akasema. "Kesho nitajua kwa nini."

Baba yake alirudi siku ya tatu. Bomba lilikuwa limeshafunguliwa mara nne na bado linadondosha. Akavua koti, akaokota spana pale chini.

"Hili dakika mbili tu."

Nikamshika mkono kwa nguvu ambayo tangu tuoane hajaijua.

"Liache."

"Si linavuja?"

"Linavuja, ndiyo. Ukiligusa utakwenda kulala kwa dada yako."

Akanitazama, akaitazama ndala yangu iliyotobolewa soli. Ndani Pini akaita, "Baba, usiguse! Bado sijamaliza!"

Mume wangu akairudisha spana chini, palepale alipoitoa. Akaenda kuchukua ndoo, akaiweka chini ya bomba.