Uzito wa Puani

Siku Ngendo alipofukuzwa kwenye karakana kule Mugutha, alitoka na kitu kimoja tu: bonge la risasi aliloliyeyusha mwenyewe kutoka betri kuukuu za malori. Alilifungua kwa spana puani mwa ndege, Ndung'u akimtazama na kucheka.

"Beba tu hiyo mawe yako," Ndung'u alimwambia. "Ndege itakuwa light."

Hakuuliza lilikuwa la kazi gani. Angeuliza vipi, na hajawahi hata kukunja mikono ya shati? Ndege ilichorwa na Ngendo. Kukata alumini, kugongomea riveti, kupima kila gurudumu kwa mizani ya kuazima kwa wauza viazi, yote Ngendo. Kazi ya Ndung'u ilikuwa kuirusha na kuiuza: ndege ndogo ya viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, inayomfikia mnunuzi ikiwa vipande ndani ya sanduku, aiunganishe mwenyewe. Wanunuzi walipoanza kupiga simu, Ndung'u alisajili mchoro kwa jina lake na kubadilisha kufuli ya mlango. Mtu mzima na akili zake!

Ngendo alirudi kwake Makongeni, akaliweka bonge chini ya meza, na kila alipoketi kula, mguu wake uligusana nalo. Alimchukia Ndung'u mpaka chakula kikawa hakipiti. Akasikia ndege inaruka, tena Ndung'u anajigamba kwamba sasa inapaa vizuri zaidi. Si ajabu. Rubani akiwa peke yake kiti cha mbele, hakuna shida. Lakini mtu akikaa nyuma bila ule uzito puani, mkia utalemewa, pua itainuka ikatae kushuka, na ndege itaanguka. Ndung'u hakuwa amewahi kubeba abiria. Ngendo aliyajua yote hayo, akanyamaza. Atajijua, alijiambia, na usiku huo alilala vizuri.

Siku ya uzinduzi alienda kwenye kiwanja cha nyasi nje ya Thika, bonge likiwa ndani ya kiondo. Alitaka kuona kwa macho yake. Alidhani atakayepanda ni mmoja wa wale wanunuzi waliojua ndege ni ya nani wakafunga midomo, na wao hakuwaonea huruma. Pasta aliiombea ndege, akaipaka mafuta. Kisha Ndung'u, ndani ya suti yake, akashika maikrofoni.

"Kwetu, kitu mpya, mama ndiye hupanda kwanza."

Waceke, mama yake, akainuka na kitambaa chake cha Jumapili kichwani. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaletea chai na nduma karakanani, akimwita binti yake.

Hata hivyo hakusogea. Chuki ilimwambia anyamaze tu, Ndung'u aonje. Waceke alipandishwa kiti cha nyuma, akafungwa mkanda, akampungia Ngendo mkono kwa furaha. Hapo ndipo miguu ilipomtoka mbio.

"Maitu, mama, ngoja!" Akamwekea kiondo mapajani.

"Ngai! Ni nini hii nzito hivi?"

"Uliza kijana wako. Si anasema ndege ni yake? Akikuonyesha inakaa wapi, enda na yeye. Akishindwa, shuka."

"Mathe, huyo ni wivu tu," Ndung'u alisema.

"Nakuuliza, Ndung'u. Inakaa wapi?" Waceke alimwambia.

Ndung'u alichungulia kiondo. Akanyoosha kidole nyuma. "Huko kwa mkia. Ni ya kubalance."

Ngendo alicheka kwa sauti. "Haya, iweke huko kwa mkia, umzike mama yako leo!"

Waceke akafungua mkanda, akashuka. Wanunuzi wakaanza kutazamana.

"Ngendo, please," Ndung'u alinong'ona. "Niambie tu inaenda wapi."

Ngendo akamnyang'anya maikrofoni, akamwelekezea mdomoni. "Sema kwanza. Nani alichora hii ndege?"

Ndung'u aliwatazama wanunuzi. "Ngendo," akasema, na spika zikalipeleka jina hilo uwanja mzima.

Ngendo alilisikiliza mpaka likaisha. Kisha akachukua kiondo chake, bonge likiwa ndani, akageuka kuondoka.

"Na ulisema utaniambia!" Ndung'u alipaza sauti.

"Sikusema."

Kiondo kilikuwa kizito. Waceke akamfikia, akashika mkono mmoja wa kiondo, na wawili hao wakakibeba pamoja hadi barabarani. Ndung'u alimwita mama yake mara kadhaa. Hakugeuka.