Latifa Anakanyaga Maneno

Latifa alikuwa na miaka tisa na alikuwa akirudia darasa la tatu pale mwalimu wake alipomwita mama yake, Asma, shuleni. Mwalimu Magloire hakuwa mtu mkali. Alimpa Asma kiti, akasubiri watoto watoke nje kucheza, ndipo akaanza.

"Mama Latifa, mutoto yako haiko mubaya. Lakini hakai. Nikiandika ubaoni, yeye iko anaangalia ndege kwenye dirisha. Nikimupatia kitabu, neno la kwanza anasoma, la pili anabuni. Na masomo ya Kifaransa yanakuja, ndiyo magumu zaidi. Mimi naona heri mumufundishe kazi ya mikono."

Asma aliuza mchele katika soko la Kasongo, mashariki mwa Kongo, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kumsikiliza mtu mpaka mwisho kabla ya kumjibu.

"Kazi ya mikono atajifunza," akasema. "Na kusoma atajifunza pia. Nipatie mpaka mwisho wa mwaka, mwalimu."

Hakuwa anabahatisha. Huyo Latifa aliyeshindwa na mistari miwili ya kitabu ndiye aliyejua mteja gani anapenda mchele wa Nyangwe na yupi anataka uliovunjika wa kupikia uji. Alimtambua kila motari aliyebeba abiria mtaani kwa mlio wa pikipiki yake, kabla hajatokea kwenye kona. Kichwa kinachoweza hayo, Asma alijiambia, hakiwezi kushindwa na herufi. Kinangoja mtu wa kukielewa.

Asma alitajiwa mtu huyo na jirani yake wa sokoni: jina lake Estelle. Estelle alikuwa kinesi wa hospitali, kazi yake kuwarudishia nguvu watu waliovunjika miguu au waliopooza. Kisha alikwenda Bukavu kusomea namna ya kuwasaidia watoto ambao akili yao haitulii au haishiki masomo, na aliporudi akaomba chumba kimoja katika uwanja wa parokia. Mchana, akitoka hospitalini, aliwapokea watoto humo. Asma alizaliwa na kukulia karibu na msikiti, na hakuwa amewahi kukanyaga uwanja ule. Alijifunga kitambaa chake vizuri, akamshika mtoto mkono, akaingia.

Estelle hakuanza na kitabu. Kwanza aliwatuma hospitalini Latifa akapimwe macho na masikio. Vyote vikaonekana vizima. Waliporudi, alimsimamisha mtoto kwa mguu mmoja, akampigia makofi ili ayarudie, akamtajia maneno ili ayakate vipande. Latifa aliyarudia makofi bila kosa. Alipofika kwenye maneno, alipotea.

"Akili anayo, na haiko muvivu," Estelle alimwambia Asma. "Sauti za neno zinamufikia zote pamoja, kama makelele ya sokoni. Hajui kuzitenganisha moja moja. Tena akikalishwa muda mrefu, kichwa kinachoka na mwili unatafuta pa kwenda."

"Iko dawa?"

"Kwa watoto wengine, daktari anaweza kuona dawa inafaa. Kwa Latifa tuanze na mazoezi. Mama, ukipita porini pahali pamoja kila siku, njia inafunguka. Ukiacha, majani yanaifunga. Ubongo wa mutoto iko vile. Lakini lazima apite yeye mwenyewe, na apite kila siku. Mimi peke yangu hapa sitoshi."

"Nitapita naye," akasema Asma.

Mazoezi yenyewe yalikuwa kama mchezo. Kupiga kofi kwa kila kipande cha neno. Kuandika herufi kwa kidole kwenye mchanga huku mdomo ukitoa sauti yake. Kuruka kamba, kusoma kidogo, kuruka tena. Estelle alikwenda pia kumwona Mwalimu Magloire, akamwomba amweke Latifa mbele, ampe agizo moja kwa wakati mmoja, na akiona miguu yake inaanza kucheza amtume kufuta ubao. Magloire alikuwa na darasa lililojaa hadi mlangoni. Alijibu kwamba mengine hawezi kuyaahidi, ila ubao atajaribu. Akajaribu kweli, na ubao wake haukuwahi kuwa safi namna ile.

Baba yake Latifa, Faradji, alikuwa motari wa barabara ya Kabambare na Salamabila, akibeba wafanyabiashara na mizigo yao kuwapelekea wachimba dhahabu. Alirudi nyumbani baada ya safari ndefu, akamkuta mke wake na binti yake wanapiga makofi uani.

"Hii ndiyo masomo?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

Faradji alivua buti zake zilizojaa matope. "Mama Latifa, hata mimi shule ilinishinda, na sikulala njaa. Dada yangu Subira iko na duka kule Salamabila. Mutoto aende amusaidie. Ataishi vizuri."

"Ataenda akitaka mwenyewe," Asma akajibu, "na siku hiyo atakuwa anajua kusoma."

Faradji alicheka. Hakuwa na ugomvi na mke wake, ila hakuamini. Kesho yake akawasha pikipiki, akaenda zake.

Mvua zilipokolea, giaboksi ya pikipiki ilimfia njiani. Aliisukuma mpaka Kasongo, akaagiza kipuri Bukavu, akakaa kungoja. Juma lile lile habari ikaja kutoka Nyangwe kwamba mdogo wake Asma amejifungua mapacha na hana wa kumsaidia. Asma alikunja vitenge vyake huku akimpa mume wake maagizo.

"Asubuhi kabla ya shule, na jioni kabla ya kula. Usimupige, usimukemee. Akichoka, aruke kamba. Nikirudi nitamuuliza yeye, sitakuuliza wewe."

Faradji aliitikia kila neno kama mtu anayepokea mzigo wa kawaida. Asubuhi ya kwanza alimkalisha mtoto kwenye kigoda na kitabu mapajani. Latifa alisoma "nyama" mahali palipoandikwa "nyumba", kisha mbuzi wa jirani akapita, naye akaondoka na mbuzi. Jioni ikawa vivyo hivyo. Siku iliyofuata Faradji alipandisha sauti, Latifa akafunga mdomo asiufungue tena, hata kwa chakula.

Hapo Faradji akaenda parokiani.

"Madame, mimi siwezi hii kazi," akamwambia Estelle. "Ukae naye wewe mpaka mama yake arudi."

Estelle alimvutia kiti. "Baba Latifa, barabara ya Kabambare ulijifunza namna gani?"

"Kwa kuanguka," akasema Faradji. "Unaanguka pahali, mwili unakumbuka. Sasa hata gizani najua wapi iko shimo, wapi iko daraja la miti, wapi nipite kando."

"Nani alikuandikia?"

"Hakuna. Mwili ulijua, kichwa kikafuata."

"Basi mufundishe vile. Mutoto yako anajifunza kama wewe. Mambo haya mara nyingi yanapita katika jamaa, toka baba mpaka mutoto."

Tangu utoto Faradji alikuwa amelibeba lile jina la mjinga alilopewa kwenye mabenchi ya shule, na alikuwa amelizoea kiasi cha kulisema mwenyewe kwa mzaha.

"Unataka kusema, hata mimi…"

"Sikukupima, siwezi kuapa. Lakini ukiniuliza, nitasema haikuwa ujinga."

Alirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Watu waliomsalimia njiani ilibidi warudie salamu.

Asubuhi hakutoa kigoda. Alichukua jembe, akachora barabara uani, kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye mpapai, na mashimo yake na madaraja yake. Latifa alimtazama kwa mashaka.

"Tunaenda wapi, baba?"

"Safari. Lakini abiria wangu halipi kwa franga, analipa kwa miguu. Tuko wapi hapa?"

"Kasongo."

"Kanyaga Kasongo."

Akamwonyesha: *ka*, hatua, *so*, hatua, *ngo*, hatua. Latifa akakanyaga. Kisha akachuchumaa kwenye mchanga uliolowa, akaandika kila kipande pale pale mguu ulipokuwa. Wakafika Lusangi. Wakafika Kabambare, na hapo wakakwama, kwa sababu *mba* ilimsumbua mtoto, na tukiwa wakweli ilimsumbua na baba. Walirudi nyuma, wakaikanyaga tena, mpaka wote wawili wakawa na matope magotini. Faradji hakuona muda umepita. Aliposikia kengele ya shule alishtuka, akamkimbiza mtoto begani.

Wakaendelea hivyo kila asubuhi na kila jioni. Barabara ilifutwa na mvua, ikachorwa upya. Siku moja wakafika Salamabila. Latifa alilikanyaga jina zima, akaliandika, kisha akasimama mbele yake bila kusogea. Faradji alidhani ameanza kuchoka, akanyoosha mkono kuchukua kamba.

"Baba," akasema Latifa, "ndani yake iko maneno mawili."

"Maneno gani?"

Mtoto akaweka kidole kwenye mchanga. "Hapa ni *salama*. Na hapa ni *bila*."

Faradji aliinama kutazama. Alikuwa amelitamka jina lile maisha yake yote, amelipigia kelele vituoni akiita abiria, na hakuwahi kuyasikia yale maneno mawili ndani yake. Binti yake hakuambiwa na mtu. Alikuwa ameyasoma.

"Ni kweli," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Soma tena."

Latifa akasoma tena, akacheka, kisha akataka kujua kama Kasongo nayo imeficha kitu.

Asma aliporudi kutoka Nyangwe aliwakuta uani. Pikipiki ilikuwa imeegemea ukutani, na kwa mafuta mapya yaliyokuwa yakimeta kwenye cheni alijua imekwisha tengenezwa, na kwamba mumewe amechagua kubaki. Hakumuuliza kitu. Alimuuliza Latifa, kama alivyoahidi, na Latifa akajibu kwamba baba anakosea *mba* lakini anaendelea vizuri.

Mwisho wa mwaka Mwalimu Magloire aliwaita watoto mmoja mmoja kusoma mbele ya darasa. Latifa alisoma taratibu. Katikati ya mstari neno refu lilimzuia, na mtoto mmoja nyuma akacheka. Latifa hakumtazama. Alikanyaga chini kimya kimya, hatua kwa hatua, akalipata neno, akalisema zima, akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Hesabu zake zilikuwa nzuri. Kifaransa kilimpa shida, na kitampa shida bado. Lakini alipanda darasa la nne, na Magloire alikuja mwenyewe mpaka meza ya mchele kumwambia Asma. Baada ya kumpongeza akauliza, kwa sauti ya chini, kama Estelle anaweza kuja kuwaonyesha na walimu wenzake yale mazoezi, kwa sababu katika darasa lake walikuwamo wengine kama Latifa.

Wakati wa likizo, akina mama wa Kabambare, walioletewa habari na motari wa barabara ile, walimtumia Estelle ujumbe kumwomba afike kuwaona watoto wao. Faradji ndiye aliyemchukua. Alikuwa na abiria wengine siku hiyo, akawapa motari mwenzake. Latifa naye alipakiwa, kati ya baba yake na Estelle, baada ya kushinda mjadala uliochukua jioni nzima.

Walipofika, uwanjani mbele ya shule palikuwa pamejaa. Walitazamiwa watoto wachache, wakaja na wa vijiji vya jirani, na baba zao wengine wamesimama mbali, mikono mifukoni, kama watu waliopita tu. Mama mmoja alimsukuma mbele binti yake, Plamedi, aliyekuwa amejificha nyuma ya kitenge.

"Huyu hasikii mutu," akasema mama huyo. "Walimu wamechoka naye."

Estelle alivua viatu, akakunja sketi, akamshika Plamedi mkono. "Tutaona kwanza anaweza nini," akasema.

Faradji aliegesha pikipiki kivulini. Akawatazama wale baba waliosimama mbali, akawaendea, akawasalimu mmoja mmoja kwa mkono. Kisha akawaomba wamtafutie jembe.