Kiti cha Dereva

Gari la sinema lilipanda Mgeta kwa mara ya kwanza mwaka 1953. Jumapili baada ya misa walimu walitundika mablanketi kwenye madirisha ya darasa, giza likapatikana saa nane mchana, watu wakabanana kwenye madawati kuwatazama Wazungu wakishindana kwa magari katika barabara ya milimani.

Kristina alikaa nyuma. Alikuwa mjane wa Stefano, dereva wa lori la kabichi aliyetumbukia korongoni kwenye kona iliyo chini ya kijiji, miaka miwili iliyopita. Kutoka juu barabarani lori lilionekana mtoni, Stefano hakuonekana. Wakasema maji yamemchukua, wakazika koti lake na rozari. Sasa Fransisko seremala alikuwa amemposa, na tangazo la kwanza la ndoa lilikwisha kusomwa kanisani.

Filamu ilipokaribia kwisha, gari jeusi lilipitiliza kona likaruka bondeni. Watu wakashika vichwa. Kristina alibaki ameduwaa, kwa sababu pale gari lilipoinamia bonde aliona ndani, na ndani hamkuwa na mtu.

Watu walipotoka alimfuata Kibwana, aliyeliendesha gari la sinema na kuzungusha mashine yake. Kibwana alijifunza udereva jeshini, wakati wa vita vya Burma. Aliposikia swali la gari lisilo na mtu akacheka, akasema filamu ile imejaa uongo, ila watu huwa hawautambui. Matairi yanalia kwenye barabara ya vumbi, na vumbi halilizi tairi. Taa iliyovunjika kona ya kwanza ni nzima kona ya tatu. Hata gari lililoanguka si lile lililokuwa likishindana, ni bovu lililopakwa rangi. Akafungua blanketi moja, akaunyoosha utepe wa filamu kwenye mwanga wa dirisha, wakaangalia picha moja baada ya nyingine. Usukani ulionekana, na kiti pia. Kiti kilikuwa kitupu.

"Dereva yuko wapi?" Kristina aliuliza.

"Kashuka, dada. Gari linasukumwa tupu, halafu tunaambiwa kafa."

Kristina akautazama tena utepe, pale kwenye kiti. Kisha akamweleza habari za Stefano, akamwomba akaliangalie lile lori kwa jicho la dereva. Kibwana hakutaka, lakini hakuweza kumkatalia.

Asubuhi wakateremka korongoni. Ukungu ulikuwa mzito, wakalifikia kwa kufuata sauti ya maji. Lori lilikuwa limekaa kati ya mawe kama lililoegeshwa, limeota kuvu hadi kwenye paa. Tangu siku ile hakuna aliyelisogelea, watu waliliogopa. Kibwana akapanguza kioo cha mlango, akachungulia, akarudi nyuma hatua mbili.

Usukani ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, umekazwa kwenye nguzo za kiti usigeuke kulia wala kushoto. Kristina aliuvuta mlango, akaingiza mkono akalishika fundo. Lilikuwa fundo la Stefano, lile alilofungia matenga ya kabichi, ambalo hakuna mwingine kijijini aliyeliweza.

Kibwana alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye anarudi mjini leo, na hatamwambia mtu.

Kristina alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, Rosa, akamkuta anachambua maharage. Akamwamkia shikamoo, akakaa chini, akamweleza alichokiona. Mama Rosa hakushtuka. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Alikuja kuniaga alfajiri ile," alisema. "Pale konani kuna kitu kilikuwa kinamwita jina kila akipita. Mara ya tatu kikamtajia siku. Akasema, mama, nitakipa lori, nami nitakwenda mbali. Nilieni kwelikweli, kisije kikajua."

"Alikwenda wapi?"

"Alishika njia ya Kisaki. Sikumuuliza zaidi, nisije nikaulizwa."

Kristina alikumbuka mama huyu alivyogaagaa kwenye udongo siku ya mazishi, hata wanaume wanne wakashindwa kumwinua. Alitaka kukasirika, akashindwa.

Jioni alimwendea padre akaomba tangazo la pili lisisomwe. Fransisko alipouliza sababu alijibiwa kwamba moyo bado haujatulia. Alisubiri hadi Pasaka, kisha akaoa mwanamke kutoka Matombo. Watu walisema sinema imemharibu Kristina akili, naye aliwaacha waseme, akaendelea kuvaa nguo nyeusi.

Msimu wa kabichi ulipofika alikuwa akipandisha tenga tupu kwa kufuata barabara, saa nne asubuhi, ukungu haujainuka. Alipofika konani alisikia mtu akiuliza kutoka upande wa korongo. Sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliyesimama mlangoni kwa mwenzake.

"Stefano yupo?"

Kristina alisimama. Hakugeuka.

"Alikufa," alisema. "Tulimzika sisi wenyewe."

Maji tu yalisikika kule chini. Kristina akaliweka tenga vizuri kichwani, akapandisha mlima polepole, kama mtu asiye na haraka, mpaka alipoziona nyumba za watu.